UZI: Karatasi ya CAT iliyokunjwa mara nne. Mliosoma uhandisi, hapa Mombasa au ng'ambo, mwaka wa kwanza mliuonaje?

Bi. Waya (mwenye uzi)

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Nauweka uzi huu kwa sababu ya mambo mawili yaliyonifika wiki moja.

La kwanza. Kila Jumamosi asubuhi huketi na vijana wa uhandisi wa mwaka wa kwanza kwenye baraza ya nyumba yetu Kongowea, tukapitia hesabu. Si biashara. Nilianza na mtoto wa jirani, wakaongezeka, sasa waja kutoka vyuo mbalimbali. Jumamosi iliyopita kulikuwa na binti mmoja hakufungua daftari hata kidogo. Wenziwe walipoondoka akatoa karatasi ya CAT, yaani jaribio la kati ya muhula, ndani ya kifuko cha kitambulisho. Imekunjwa mara nne, mikunjo imeshaanza kukatika. 11 kwa 30. Akaniambia, "Dada, nataka kuhamia ualimu. Hii kozi imenikataa."

La pili. Siku mbili baadaye binamu yangu aliyeko Ujerumani, naye mwaka wa kwanza, uhandisi wa mitambo, akanitumia ujumbe wa sauti. Kati ya habari za baridi na za kodi ya chumba akataja kwamba hesabu amepata 5.0. Kule 1.0 ndiyo alama ya juu, 4.0 ndiyo ya mwisho ya kupita, kwa hiyo 5.0 ni kufeli. Atarudia. Kisha akaniuliza kama mbaazi za mkebe zaweza kutiwa nazi ya mkebe zikatoka sawa.

Nimekaa na mambo haya mawili siku kadhaa. Binamu yangu amefeli kweli, na habari yake ameipitisha kati ya baridi na mbaazi. Binti wa barazani kwangu hajafeli kitu. CAT kwao ni 30, mtihani wa mwisho ni 70, na kupita ni 40: anahitaji 29 kwa 70. Lakini yeye ndiye anayetaka kuhama.

Kalkulasi ni ile ile, Berlin na Bamburi. Ninalotaka kujua kwenu si kama kozi ilikuwa ngumu, hilo twalijua. Nataka kujua mlipokosa kuelewa, mlidhani kukosa huko kunawaambia nini. Na waliowazunguka walidhani nini.

---

Pune mpaka Changamwe

Dada Waya, umenirudisha mbali. Nilisoma Pune. Mwaka wa kwanza tulichanganywa sote, awe wa umeme, awe wa majengo, masomo ni hayo hayo. Kitu nilichokichukia kuliko vyote ni karakana. Unapewa kipande cha chuma laini, unakibana kwenye jiliwa, unapiga tupa mpaka kingo ziwe pembemraba na kipande kimoja kiingie ndani ya kingine bila mwanga kupita. Mikono ilitoka malengelenge. Nikawa najiuliza, mzee ameuza shamba Kaloleni ili mimi nije nipige tupa?

Wenzangu Wahindi hawakuona ajabu. Wengi walikuwa wametoka kwenye miaka miwili ya kujifungia kwa ajili ya mitihani ya kuingilia uhandisi, kama huo wa JEE. Kwao mwaka wa kwanza ulikuwa ni kushusha pumzi. Mimi ndiyo kwanza naanza kukimbia, wao wameshafika. Darasa moja, ubao mmoja, mmoja anaona kozi ni mapumziko na mwenzake anaona ni mlima.

Somo ulilofeli kule ni bakilogi, linakufuata mpaka ulilipe. Watu huhesabu: fulani ana mbili, fulani ana nne. Nyumbani wajua, hosteli wajua. Kwa hiyo aibu ipo, tena kubwa, lakini ni aibu yenye hesabu. Unajua zimebaki ngapi. Huyo binti wako hajui zimebaki ngapi, amepewa neno moja tu: imenikataa.

---

Mja wa Izmir

Mimi Uturuki, kwa ufadhili wa serikali yao. Mwaka wangu wa kwanza haukuwa wa uhandisi, ulikuwa wa lugha tupu. Kituruki mwaka mzima, ndipo nikaingia darasani kusomea fizikia kwa Kituruki.

Niwaambieni jambo ambalo sikuliona wakati ule. Nilipofika kwenye fizikia nilikuwa nimeshazoea kutojua mbele za watu. Mwaka mzima nilikuwa nikikosea hata kuagiza mkate. Mwenye duka ananirekebisha, nasema tena, ananirekebisha, nasema tena. Basi nilipokosea hesabu ubaoni sikuumia kama ambavyo ningeumia Mombasa, ambako Kiswahili nakijua tangu tumboni na Kiingereza cha shule nilikuwa nakisifiwa.

Mwalimu kule huitwa hocam, neno la mzizi mmoja na Khoja wetu. Ni la heshima lakini unaweza kumwita hivyo hata fundi wa kompyuta. Linamkalisha mwalimu karibu.

Lililonikera ni alama. Somo letu la hesabu lilipimwa kwa kengele, yaani 55 yako inaweza kuwa nzuri au mbaya kutegemea wenzako wamepata ngapi. Waturuki waliona hiyo ndiyo haki, kwa sababu mtihani ukiwa mgumu unawaumiza nyote sawa. Sisi wanne tuliotoka Afrika Mashariki tuliona ni dhuluma. Kwetu tumezoea kusoma pamoja usiku kucha ili sote tupite, sasa nikimfundisha rafiki yangu najipunguzia?

---

Senti Tano

Nawasikiliza, lakini ndugu zangu, hili si suala la utamaduni, ni la pesa. Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi karo, mwanafunzi analipa mchango wa muhula tu. Kurudia somo kunamgharimu muda. Hapa kwetu ukirudia kuna ada, kuna kodi ya chumba Kisauni mwaka mwingine, kuna mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, unaozidi kuvimba. Kozi yenyewe ni miaka 5. Mpe yule binti uhakika wa pesa, uone kama hatakuwa anauliza habari za mbaazi.

---

Bi. Waya

Senti Tano, la pesa nakubali, na sitaki kulipitia juujuu. Nusu ya vijana wangu hutembea kutoka Mshomoroni kuja hapa kwa sababu ya shilingi hamsini za matatu. Lakini pesa haijibu kila kitu. Yule binti ana ufadhili. Karo yake imelipwa yote. Na bado karatasi imekunjwa mara nne.

---

Mama Injinia

Mimi si mhandisi, ni mzazi, nauza viazi karai upande wa Likoni karibu na feri. Nimesoma uzi huu wote kwa sababu mwanangu wa kiume yuko mwaka wa kwanza.

Barua ya KUCCPS, wale wanaowapangia wanafunzi vyuo, ilipotoka nilisoma maulidi. Tangu siku hiyo mtaa mzima wamwita Injinia. Watoto wamwita Injinia, imamu amwita Injinia, hata mimi jina hilo nimelizoea. Mtu akiharibikiwa na feni, "mwiteni Injinia." Yeye hana hata miezi mitano chuoni.

Sasa nawauliza, Injinia atarudi vipi nyumbani aseme amepata 11? Mwanangu haniambii alama zake. Nilidhani ni kiburi cha ujana. Leo ndiyo nafikiria kwamba pengine anakunja karatasi na mimi ndiye ninayekunjiwa.

---

Binti wa Umeme

Mama, shikamoo. Niko mwaka wa pili sasa. Si wewe peke yako, sote tumekunja.

Naongeza moja kwa upande wetu wasichana. Kwenye karakana tulikuwa sita kikundi kimoja, msichana mmoja. Wavulana wanashika chuma cha kulehemu, wewe unaambiwa "wewe una mwandiko mzuri, andika ripoti." Muhula mzima nimeandika ripoti za saketi ambazo sijazigusa. Ukija mtihani wa vitendo, mkono hauna kumbukumbu. Ukiulizwa kozi unaionaje, utasema ngumu. Mimi nilijibu hivyo kwenye fomu ya tathmini, "ngumu sana." Nilipaswa kuandika kwamba sikuwahi kuishika.

---

Tupa na Jiliwa

Mimi ni fundi wa karakana, nimewapokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza miaka mingi, jina la chuo nalihifadhi. Nitawapa kisa kimoja.

Alikuja kijana kutoka Matondoni, Lamu. Babake ni fundi wa majahazi. Hesabu yuko vizuri, ila uchoraji wa kihandisi ulimshinda kabisa. Mnajua somo lenyewe: kitu kimoja unakichora mara tatu, kwa mbele, kwa juu na kwa ubavu, na sehemu zilizofichika unazichora kwa mistari ya vipande vipande. Alikuwa akichora, anafuta, anachora, mpaka karatasi ikatoboka. Nikamuuliza shida ni nini. Akasema, "Mwalimu, babangu ameunda majahazi tangu sijazaliwa, hajawahi kuchora mstari hata mmoja. Huu uchoraji ni wa watu wasioweza kuona."

Hakuwa anadharau. Alikuwa anaamini hivyo kwa dhati. Kwao jahazi lakaa kwenye jicho la fundi na kwenye mkono, na kijana hujifunza kwa kushika upande wa pili wa ubao mpaka naye jicho limfunguke. Karatasi kwake ilikuwa ni ushahidi wa upungufu.

Sikubishana naye. Nilimpa kipande cha mbao, nikamwambia anichongee taruma moja ndogo la ubavu wa jahazi, kwa mpindo wake hasa. Akachonga kwa msumeno na randa, saa moja na nusu, safi. Nikalichukua nikaliweka kabatini, nikafunga. Nikamwambia: sasa mwenzako aliyeko Malindi anataka taruma kama hili hili, na wewe huwezi kwenda, na hili hulioni tena. Mpelekee. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akavuta karatasi. Akaanza na upande wa mbele, akauliza mwenyewe, "Na huu unene nitauonyesha wapi?" Hapo ndipo uchoraji ulipoanza, pale alipouliza yeye.

Nikamwonyesha pia kwamba hata walio na karatasi hawakubaliani: huku kwetu, kama Ulaya na India, kitu unachokitazama kwa juu twakichora chini ya ule wa mbele, Wamarekani wanakiweka juu. Akacheka sana.

---

Mhandisi Mkongwe

Nawashukuru wote, hasa huyu fundi wa karakana. Nina hofu moja, niseme. Tusije tukamwambia kijana kwamba kufeli si kitu. Huko Ujerumani mnakokusifu, vyuo vingi hukupa majaribio matatu ya mtihani. Ukifeli la tatu umetoka, na kozi hiyo hiyo hupokewi tena chuo kingine cha nchi ile. Binamu yake Bi. Waya ametulia kwa sababu sheria anaijua, si kwa sababu hakuna sheria. Nimefanya kazi na kreni miaka mingi. Kontena la tani 30 likiwa juu ya kichwa cha mtu, hakuna wa kumwuliza mchoraji hisia zake.

---

Bi. Waya

Mzee wangu, shikamoo. Umesema kweli na nakushukuru kwa kuirekebisha picha. Nilimpigia binamu yangu baada ya kukusoma, akathibitisha: hilo lilikuwa jaribio la kwanza, anajua ana mawili. Akanieleza na namna wanavyosoma. Ukumbi mkubwa, hakuna anayeita majina, mhadhiri akimaliza wanafunzi wote hugonga meza kwa vifundo vya vidole, ndiyo makofi yao. Siku ya kwanza alishtuka, alidhani wamekasirika. Baada ya hapo kuna vipindi vidogo vya mazoezi, vinaongozwa na wanafunzi wa miaka ya mbele. Huko ndiko anakouliza. Hakuwahi kumwuliza mhadhiri hata swali moja, ila wale wa miaka ya mbele amewauliza mia.

Hilo lilinigonga. Kwetu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huuliza nani? Mhadhiri ana darasa la watu wengi na anakimbilia chuo kingine. Wa mwaka wa nne yuko mbioni kutafuta mahali pa kufanyia mazoezi kazini. Nyumbani ni Injinia.

Naomba nirefushe kidogo, kwa sababu kuna jambo huwa linaniuma ninapowasikia watu wakiwazungumzia vijana wetu. Wanasemwa kwamba wanakariri. Waalimu wasema, waajiri wasema. Na kweli, wengi wa barazani kwangu wamepitia madrasa. Mmoja ana juzuu kumi kifuani. Hujifunza kanuni za kalkulasi kwa sauti, wakiyumba mbele na nyuma kama wako mbele ya maalim.

Mwaka 1976 kule Gothenburg, Uswidi, watafiti Marton na Säljö waliwapa wanafunzi maandishi wasome, wakakuta wengine wanatafuta maana na wengine wanajaribu kukumbuka maneno. Wa kwanza wakaitwa wa kina, wa pili wa juujuu. Utafiti huo ukazaa mengine mengi. Mwaka 1991 Paul Ramsden, akiwa Australia, alitoa dodoso la kuwauliza wanafunzi kozi yao wanaionaje: mafundisho ni mazuri, malengo yako wazi, mzigo wa kazi unabebeka, upimaji unapima uelewa au kumbukumbu tu. Fomu nyingi za tathmini mnazojaza leo ni wajukuu wa dodoso lile.

Lakini palitokea fumbo. Wanafunzi wa Kichina walionekana wanakariri sana, na bado kwenye hesabu walikuwa wakiwapita wengi. Mwaka 1996 David Watkins na John Biggs wa Hong Kong wakakusanya tafiti juu ya jambo hilo, na jibu lililotoka ni hili: kwa wengi wao kurudiarudia haikuwa badala ya kuelewa, ilikuwa njia ya kuelekea huko. Unarudia, na kila unaporudia unaona kitu kipya.

Nilipolisoma hilo nilimkumbuka bibi yangu aliyenifundisha Juzuu Amma. Kuhifadhi kwanza, tafsiri baadaye, wala hakuna aliyeniambia tafsiri haitakuja. Kwa hiyo ninapomwona kijana anakariri simzuii. Namwuliza yuko hatua gani. Tatizo la vyuo vyetu ni kwamba tafsiri haiji: muhula unaisha, mtihani unauliza yale yale yaliyokaririwa, kijana anapita, na anabaki na lafudhi ya uhandisi bila maana yake. Hapo simlaumu mtoto.

Wengine wameligeuza kabisa. Aalborg, Denmark, tangu chuo kilipoanza 1974 wanafunzi hufanya kazi kwa vikundi juu ya tatizo fulani tangu muhula wa kwanza, karibu nusu ya muda wao wote. Kule kutojua ndiko mwanzo wa kazi, kikundi kinakaa kuandika nini hakijui. Siamini tunaweza kuuchukua mfumo ule na kuushusha Mombasa kama kontena. Lakini ile siku ya kwanza ya kuandika "nini hatujui", hiyo haina ada.

---

Mja wa Izmir

Na mchanganyiko huu wa watu na lugha darasani si mgeni kwetu. Chuo cha ufundi pale Tudor, ambacho tangu 2013 ni chuo kikuu kamili, kilianza kama MIOME (Mombasa Institute of Muslim Education), kwa michango ya Aga Khan, Sultani wa Zanzibar, Mabohora na serikali ya kikoloni, kikikusudiwa Waislamu wa Afrika Mashariki nzima. Babu yangu alisoma pale. Alikuwa akisema darasani mlisikika lugha tano na mashine moja.

---

Mama Injinia

Bi. Waya, yule binti aliishia wapi?

---

Bi. Waya

Mama, alikuja leo. Nimemwomba ruhusa nieleze, amekubali.

Tuliikunjua karatasi tukaiweka juu ya meza na glasi za maji pembeni isijikunje. Swali la tatu lilikuwa na alama nane, na alipata mbili. Nikalisoma hatua kwa hatua. Njia ilikuwa sahihi, yote. Alitakiwa mwisho atoe sine ya 1, akaandika 0.0175. Jibu ni 0.841. Nikamwambia nipe kikokotoo chako. Juu ya kioo, pembeni, kulikuwa na herufi ndogo, D. Kikokotoo kilikuwa kinahesabu kwa digrii. Swali lilikuwa kwa radiani, kipimo kingine cha pembe. Sekondari tumezoea digrii, ameingia chuo na kikokotoo kile kile cha kidato cha nne, na hakuna aliyemwambia kwamba huku lugha imebadilika. Swali la tano, kosa lilikuwa hilo hilo.

Aliishika ile karatasi, akaitazama ile D, akaitazama karatasi. Hakulia wala hakucheka. Akasema, "Kwa hivyo si mimi?" Nikamwambia swali la kwanza ni wewe, tutalifanya sasa hivi. Tukalifanya. Lilituchukua dakika arubaini, maana pale kweli hakuwa ameelewa, na mara hii alisema mapema: "Hapa ndipo ninapopotea."

Habari ya kuhamia ualimu bado hajaiacha. Amesema atafikiria mpaka mtihani.

---

Mama Injinia

Alhamdulillahi. Jumamosi naweza kumleta wangu? Sitamwambia nimewaandikia.

---

Bi. Waya

Mlete, mama. Saa tatu asubuhi, baraza iko mkabala na msikiti, ukiuliza "kwa Bi. Waya" utaonyeshwa. Aje na karatasi zake za CAT zote, na kikokotoo. Hapa tutamwita kwa jina lake.

---

Tupa na Jiliwa

Nami nitakuja, inshallah, na vipande vya mbao. Binti wa Umeme, njoo pia. Chuma cha kulehemu nitakuletea, na ripoti ataandika mwengine.